Bomba la uani, jiko la kila mtu: nilichosema Kijitonyama kuhusu LTSP na distro za Linux

Habari za mchana wadau. Asalamu aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wale wangu wa mambo vipi nimewaona pia. Najua foleni ya Mwenge imetesa watu na wengine bado wako njiani kwa hiyo naanza taratibu. Kwanza nishukuru waliotupa ukumbi hapa Kijitonyama wenye feni zinazozunguka, maana kukaa watu wote hawa kwenye joto la Dar pamoja na seva inayowaka pale kona ni jambo la kuombeana.

Nimeombwa niongelee ushirikiano wa distro za Linux, yaani mifumo ya kompyuta kama Debian, Ubuntu na Fedora ambayo kila mmoja unafungasha Linux kwa namna yake, kwenye programu za thini klaienti, ambazo mimi nitaziita terminali tu ili tusing'atane ulimi. Nusu yenu ni mafundi mnaozunguka kwenye labu za shule, kuna walimu wa TEHAMA, afu kuna vijana wa chuo naona mmejaa kule nyuma na laptop zenye stika. Niseme mapema nilichonacho ili hata anayewahi daladala aondoke nacho: distro zilifanikiwa kushirikiana kwenye hii kazi pale zilipoacha kulazimisha kila kitu kifanane, wakakaa wakaulizana hivi kati yetu kipi hasa ni cha wote na kipi ni cha mtu kwake. Mengine yote nitakayosema ni ushahidi wa hilo, na malalamiko yangu kidogo.

Tuanzie chini kabisa, anayejua avumilie. Terminali ni kompyuta isiyo na hadidiski, au inayo lakini hatuigusi. Unaiwasha, kadi yake ya mtandao inauliza kwenye waya jamani mimi ni nani na nianzie wapi, seva inaijibu namba yako hii na faili la kuanzia lile pale, inavuta keneli ambayo ndiyo kiini cha mfumo, inapandisha mfumo mzima kupitia kebo, mwanafunzi anaona sehemu ya kuandika jina na paswedi. Kwa mtindo wa zamani programu zote zinakimbia kwenye seva, terminali kazi yake ni kuonyesha picha na kurudisha kibodi na maus. Maana yake kompyuta ya mtumba ya Kariakoo ambayo hadidiski yake imekufa bado ina maisha. Na maana yake pia fundi unaweka programu sehemu moja, unaapdeti sehemu moja, virusi vya flashi za wanafunzi havikusumbui, na LUKU ikiisha katikati ya kipindi unachohitaji kulinda kwa UPS ni seva na swichi tu, mengine yakizimika hakuna diski ya kuharibika, yatawaka tena.

Mradi unaoshika hii kazi kwa upande wa Linux ni LTSP, yaani Linux Terminal Server Project, ulianzishwa na Jim McQuillan kule Michigan, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Shule zikaudaka haraka. Pale Portland, Oregon, kukatokea K12LTSP ambayo ilikuwa Red Hat na baadaye Fedora iliyofungashwa pamoja na LTSP tayari kwa darasa. Norway mwaka 2001 wakaanza Skolelinux ambayo leo ni Debian Edu. Oktoba 2005 ikaja Edubuntu. Yaani ndani ya miaka michache una makundi manne matano, nchi tofauti, distro tofauti, wote wanahangaika na tatizo lile lile la mwalimu mwenye kompyuta mbovu na hela ya mawazo.

Sasa sikilizeni hapa kwa sababu ndio utamu ulipo. LTSP ya zamani, ile ya namba 4, ilikuwa inakuja na kila kitu chake. Ulikuwa unashusha mti mzima wa mafaili unauweka kwenye /opt/ltsp/i386, ndani kuna keneli yao, X yao ya kuchora skrini, maktaba zao za programu, vyote wamevijenga wenyewe. Uzuri wake ni kwamba ulikuwa haujali seva yako ni distro gani, Red Hat sawa, Debian sawa, Mandrake sawa, terminali zinaona kitu kile kile. Unaweza kusema huo ndio umoja wenyewe, si ndio? Ila hebu fikiria nani anautunza. Kikundi kidogo cha watu, wengi kwa muda wao wa jioni, wanatunza distro nzima ndogo: ikitoka kadi mpya ya video wao ndio waiongeze, likitokea tundu la usalama kwenye maktaba fulani wao ndio wazibe, wakati huo huo Debian ina mamia ya watu wanafanya kazi hiyo hiyo kila siku, Red Hat vile vile.

Mimi nikiwaelezea vijana huwa natumia nyumba ya kupanga ya uswahilini, Manzese au Tandale hivi. Kila mpangaji ana chumba chake na jiko lake, huyu anapika kwa mkaa, yule gesi, hakuna anayeulizwa leo unapika nini. Lakini bomba liko uani, ni moja, bili mnachanga, likivuja wote mnatoka. LTSP 4 ilikuwa sawa na mwenye nyumba aliyeamua kuwapikia wapangaji wote kila siku mchana na usiku. Nia njema kabisa, ila atachoka.

Wakageuza. Wazo lilitoka upande wa Ubuntu mwaka 2005, likaingia kwenye Edubuntu ya kwanza, baadaye likawa LTSP 5. Kwamba mfumo wa terminali ujengwe na paketi zile zile za distro yenyewe. Ukiwa Debian, skripti ya ltsp-build-client inaita debootstrap, inakutengenezea Debian ndogo ndani ya folda. Ukiwa Fedora inatumia yum, chombo chao cha kusimika paketi. Wenzetu wa openSUSE wakaamua kupita na chombo chao cha kutengeneza imeji, yaani mfumo mzima uliofungwa ndani ya faili, kinachoitwa KIWI. Apdeti za usalama zinatoka kule zinakotoka siku zote, kadi mpya ikiwa inasomwa na seva basi na terminali inaisoma, na LTSP wenyewe wakabaki na vitu ambavyo hakuna distro ingevifanya: skripti ya kujenga, skrini ya kulogini iliyokuwa inapitisha kila kitu ndani ya SSH, njia inayoficha mawasiliano, badala ya kuacha paswedi zinaelea wazi kwenye waya kama zamani, ile ltspfs ya kufanya flashi uliyochomeka kwenye terminali ionekane kwenye dawati lako lililoko seva, na faili la mipangilio la lts.conf. Hilo ndilo bomba.

Na hiyo skripti ya kujenga ukiifungua, vijana nawaomba muifungue siku moja hata kama ni ya zamani, ndani yake kuna folda za plagini, moja ni ya wote, halafu Debian ina yake, Ubuntu yake, Fedora yake. Kila faili lina namba mbele, linasomwa kwa mfuatano. Mtu wa Fedora akitaka kubadilisha jinsi anavyoweka vitu vyake anaingia folda yake hamgusi mtu. Akitaka kugusa ya wote inabidi aongee na wenzake. Ni kitu kidogo, ni mpangilio wa mafolda tu, lakini nakwambia nimeona vyama vyenye katiba nzito visivyokuwa na mpaka ulionyooka hivyo. Na wote walikuwa wanaweka kazi yao kwenye ghala moja kule Launchpad na kuchati kwenye chaneli moja ya IRC, mtu wa Debian anamsaidia mtu wa Gentoo usiku wa manane, fresh tu.

Haikuwa asali na maziwa lakini. Vitu vya kijinga kabisa vilikuwa vinakula muda. Faili la DHCP, ile huduma ya kugawa namba za mtandao, Debian wanaliweka huku, Red Hat kule. Folda ya TFTP, inayotoa mafaili ya kuanzia, huyu kaiweka /var/lib/tftpboot, yule anataka iwe chini ya /srv. Fedora ina SELinux, mlinzi wake wa usalama, inayokuuliza kitambulisho kila mlango. Jinsi ya kutengeneza initramfs, ule mfumo mdogo wa kuanzia, kila mtu ana imani yake. Afu kuna suala la saa: Fedora inatoa toleo kila miezi sita hivi, Debian inakaa karibu miaka miwili, kwa hiyo kitu mlichorekebisha pamoja leo mwenzako atakipata leo, wewe wa Debian thabiti utakisubiri mpaka mtoto aanze kutembea. Fundi wa shule ya Mbagala anasoma maelekezo yaliyoandikwa kwa toleo jipya, anayaweka kwenye toleo la zamani, hayakubali, anasema Linux mbovu anarudisha Windows iliyokrakiwa. Mnajijua.

Na kuna hili ambalo watu hawapendi kulisema: kila folda ya distro ilihitaji binadamu. Angalau mmoja, anayejali. Fedora ilivyoingia kwa nguvu mwaka 2008 na K12Linux ilikuwa ni kwa sababu kulikuwa na watu wa kuisukuma, watu walipohamia mambo mengine folda yao ikakaa, keneli zikabadilika, haikubadilika, ikafa kimya kimya. openSUSE hivyo hivyo. Mwisho wa siku waliobaki na nguvu ni Debian na Ubuntu, ambao ni ndugu kabisa maana Ubuntu paketi zake nyingi anazichukua kwa Debian. Sasa je, ushirikiano ulishindwa? Mimi nasema hapana, kwa sababu ile mipaka ilifanya mmoja akiondoka nyumba isianguke.

Turudi labu kidogo kwa sababu naona mafundi mmeanza kusinzia. Ile skrini nyeusi mnaijua. Imeandikwa DHCP, nukta zinaongezeka, kamstari kanazunguka, halafu inatema kosa la PXE, yaani la kuwaka kupitia mtandao: PXE-E51 au PXE-E53. Watu wengi wanaziona ni kitu kimoja na ndio maana mnapoteza asubuhi nzima. E51 ni kwamba imeuliza hakuna aliyeijibu kabisa: kebo, swichi, au seva imelala. E53 imejibiwa, namba imepewa, ila hakuna aliyeiambia faili la kuanzia. Na kwa labu zetu za hapa mjini E53 mara nyingi ina chanzo kimoja, kuna karauta ka kampuni ya simu kamechomekwa kwenye swichi ile ile ili mwalimu mkuu apate WhatsApp, kenyewe ndiko kanagawa namba, na hakajui lolote kuhusu terminali. Zamani fundi alikuwa anawasha DHCP ya pili kwenye seva, sasa zinagombana, leo kompyuta tatu zinawaka kesho tano hazitaki, na hakuna anayeelewa. Dawa ni programu ya dnsmasq kwa mtindo wa proksi: karauta kaendelee kugawa namba zake kwa raha zake, seva yenyewe inadakia tu kusema na faili la kuanzia ni hili. Hawagombani. LTSP ya sasa ukiiandikia amri ya ltsp dnsmasq inakuwekea hivyo bila hata kuuliza.

Na nimeitaja LTSP ya sasa makusudi. Mwaka 2019 mradi uliandikwa upya kabisa, anayeuongoza ni Alkis Georgopoulos, Mgiriki, anatokea kwenye kazi za shule za kule kwao, na huko huko ndiko ilikotoka Epoptes ile programu ya mwalimu kuona skrini za wanafunzi wote na kuzifunga wakianza kucheza gemu. Kwenye huu upya walifanya kitu cha kishujaa, walitupa. Ile skripti ya kujenga niliyoisifia sasa hivi wameitupa. Sasa hivi unachukua mfumo wowote uliousimika kawaida, unaweza kuwa ni seva yenyewe au mashine pepe ya VirtualBox, unaukamua kuwa imeji moja iliyobanwa ya squashfs, terminali zinawaka nayo. Mafaili ya mwanafunzi yanakuja kwa SSHFS au NFS, njia za kusoma folda ya seva kupitia mtandao. Kuwaka kupitia mtandao ni kwa iPXE. Hivyo vyote vipo tayari kwenye distro karibu zote, havikutengenezwa na LTSP. Yaani bomba limefupishwa tena, cha pamoja kimebaki kidogo, na kwa maoni yangu ndio maana watu wachache wanaweza kukitunza. Ni kweli bado majaribio mengi yanafanyika kwenye ukoo wa Debian na Ubuntu, wa Fedora kuna mahali utatoa jasho, sitawadanganya.

Kuna anayejiuliza kwa nini waliacha ule mtindo wa kukimbiza kila kitu kwenye seva. Hesabu ndiyo iliyowatoa. Chukua video inayojaza skrini ya 1920 kwa 1080, kila nukta baiti 4, picha 24 kwa sekunde. Zidisha. Inakuja karibu megabaiti 199 kila sekunde, yaani gigabiti 1.6, kwa mwanafunzi mmoja, na seva yako ina mlango wa gigabiti 1 wa kuhudumia darasa zima. Hata kadirisha kadogo ka 640 kwa 480 kwa baiti 2 na picha 25 kanazidi megabiti 120, na terminali yenyewe ina mlango wa megabiti 100. Hakuna swichi ya Kariakoo itakayokutoa hapo. Kwa hiyo sasa programu zinakimbia kwenye terminali yenyewe, seva inabaki ghala la mafaili na paswedi, na terminali haivuti imeji yote, inasoma kile kipande inachokifungua tu. Ila sasa terminali inatakiwa iwe na misuli kidogo. Gigabaiti 2 za RAM kwa dawati jepesi kama MATE au Xfce, na brauza ikifunguliwa kurasa nyingi hata hizo zinalia.

Hapo ndipo distro zinapotofautiana kwa kitu kinachotugusa sisi moja kwa moja, mashine za biti 32. Ubuntu waliacha kutengeneza diski ya kusimika ya biti 32 tangu 2017 upande wa dawati, Fedora wakafunga 2019 na toleo la 31, Debian amebeba mzigo muda mrefu kuliko wote mpaka Debian 13 ya 2025 nayo ikaacha kusimika kwenye mashine hizo. Kwa hiyo zile Pentium 4 za zamani zilizolundikana stoo za shule, pole sana. Ila msitupe bila kuangalia, Core 2 Duo zote ni biti 64 hata kama ilikuja na Windows ya biti 32 ndani, ingia tu uangalie prosesa.

Sasa malalamiko. Kuna shule moja, sitaitaja, walipewa labu na wafadhili, imekuja na distro yake maalum iliyotengenezwa kwa ajili ya huo mradi, ina nembo, ina jina zuri, ina picha ya mlima Kilimanjaro kwenye dawati. Mradi ukaisha, waliotengeneza wakaenda zao. Hakuna apdeti, hakuna ghala, hakuna mtu wa kumpigia. Na ndani ya hiyo distro kulikuwa na kitu kizuri tu, skripti ya kuzima terminali zote saa fulani na kuandika nani aliingia saa ngapi, kitu ambacho shule nyingi zinakitaka. Kimefia pale. Kingepelekwa kwenye mradi mama au hata kwenye Debian kingekuwa kimefika Lindi na Kigoma kimya kimya kwa apdeti ya kawaida. Na sisi mafundi tuna ugonjwa huo huo kwa udogo, una suluhisho la kadi fulani ya Realtek liko kwenye flashi yako, unalinda kama siri ya biashara, mwenzako wa Temeke anahangaika na kadi hiyo hiyo.

Tunao mfano wetu wa nyumbani tena wa kujivunia. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Hawakutengeneza ofisi ya Watanzania peke yao. Walitafsiri ile ya dunia nzima. Ndio maana mpaka leo ukiangalia orodha ya lugha za LibreOffice unakuta sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, imekaa pale. Ina mapengo sana, menyu nyingine ni Kiingereza kitupu, lakini pa kuanzia papo.

Kwa hiyo kivitendo tunafanya nini. Walimu, mfadhili akija muulizeni hii ni distro gani ya kawaida na apdeti zinatoka wapi, akianza kusema tumeitengeneza maalum kwa ajili yenu, mshukuruni halafu ombeni Debian au Ubuntu. Mafundi, mkipata hitilafu msiandike haifanyi kazi, hiyo haimsaidii mtu: andikeni distro na toleo lake, toleo la LTSP, faili lenu la mipangilio la ltsp.conf mkishatoa paswedi, na mstari wa kadi ya mtandao kutoka amri ya lspci -nn zile namba mbili zenye nukta pacha katikati. Kama Kiingereza kinawasumbua andikeni kwa Kiswahili kwenye grupu letu, hawa vijana wenye stika watatafsiri na kupeleka kwa wenye mradi, nimeshaongea nao na wawili wamekubali mbele ya mashahidi. Na jina la aliyegundua liandikwe, asije mtu akajimilikisha.

Seva iko pale kona imewashwa, kuna terminali nne, mbili zinawaka vizuri na mbili nimeziharibu makusudi, moja inatoa E51 na nyingine E53. Anayetaka kuja kuzifufua aje, chai na mihogo vinakuja saa kumi. Yule kaka wa Fedora uliyenyoosha mkono tangu nilipoitaja SELinux, haya, kipaza sauti hicho hapo.